Mali bila daftari: jiwe la Lueshe na Mkongomani aliyelisoma

Katika familia zilizotoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba na kupokelewa Lubero, Butembo au Beni, kuna sentensi moja inayosikika jioni watu wanapokaa mekoni au wanaposubiri zamu kwenye bomba la maji: tunakimbizwa kwa sababu ya mawe. Mzee huisema, mama huirudia, kijana wa miaka kumi na minne huipokea kama neno la mwisho. Baada ya hapo mazungumzo huisha. Wachache sana huuliza: mawe gani? Yako kilima gani? Nani aliyajua kwanza, na aliyaandika wapi?

Maswali hayo yanafaa kuulizwa hata wakati huu wa shida, na pengine zaidi wakati huu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kivu Kaskazini ina mali, na kila mtu anaimba hivyo. Daftari lake lipo pia, lakini haliko mikononi mwa wanaolala chini ya mabati ya watu kwa sababu ya mali hiyo. Liko katika makumbusho, maktaba na majarida ya mbali, kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza.

Mfano ulio karibu ni Lueshe. Msafiri anayeteremka kutoka Kirumba kwa barabara ya taifa namba 2, akapita Kayna na Kanyabayonga, anaanza kuikaribia nchi ya Bwito katika teritwari ya Rutshuru. Huko Bwito ndiko kilipo kilima cha Lueshe. Wakaaji wengi wanakumbuka tu kwamba palikuwa na mgodi wa wazungu, magari makubwa na mishahara. Duniani jina hilo lina maana nyingine. Mwaka 1958 wanajiolojia A. Meyer na P. de Béthune walichapisha maelezo ya mwamba wa Lueshe. Mwaka uliofuata, 1959, mwenzao A. Safiannikoff alitangaza kwamba ndani ya mwamba huo kuna madini ambayo hayakuwa yamejulikana popote. Akayapa jina la mahali: lueshiti. Baadaye madini hayohayo yalionekana katika rasi ya Kola huko Urusi, na Warusi nao wanayaita lueshiti. Mwanafunzi wa jiolojia wa mbali anaweza kulitamka jina la kilima cha Bwito asijue Bwito iko wapi, na mtoto wa Bwito anaweza kumaliza sekondari bila kuambiwa kwamba jina la kwao limeandikwa katika kila orodha ya madini ya dunia.

Lueshe ni mwamba wa aina gani? Wanajiolojia wanauita karbonatiti. Mawe mengi ya moto, kama yale meusi ya Goma, hutoka katika magma ya silika, yaani asili ileile ya mchanga na kioo. Karbonatiti ni tofauti: ni mwamba wa moto ulio karibu na chokaa. Leo ni volkano moja tu duniani inayotapika magma ya namna hiyo, nayo ni Ol Doinyo Lengai huko Tanzania. Zamani zilikuwepo nyingi, na nyingine ziliganda chini ya ardhi bila kufika juu. Magma hiyo ikipanda kutoka kilindini hubeba vitu adimu ambavyo mawe mengine hayavitaki, kikiwemo niobiamu. Mwamba unapopoa, niobiamu hujifungia katika madini yanayoitwa pirokloro. Kisha mvua inaanza kazi yake. Kwa mamilioni ya miaka maji huyeyusha ile chokaa na kuichukua, na pirokloro hubaki katika udongo, nyingi kuliko mwanzo. Ni kama mama anayepepeta maharagwe: makapi yanakwenda na upepo, punje zinabaki kwenye ungo.

Niobiamu hutiwa kidogo tu ndani ya chuma, na chuma hicho kinakuwa imara bila kuongezeka uzito. Hutumika katika madaraja, mabomba ya mafuta na magari. Sehemu kubwa ya niobiamu ya dunia inatoka Araxá, Brazili, kwenye karbonatiti iliyooza kwa mvua kama ile ya Lueshe. Afrika Mashariki Lueshe ina ndugu zake: Panda karibu na Mbeya, Mrima huko Kwale, Sukulu karibu na Tororo, na Bingo upande wa Beni. Hapa kosa moja la kila siku linahitaji kurekebishwa. Watu huita kila jiwe zito koltani. Koltani ya Rubaya inatoka katika pegmatiti, mishipa ya mwisho ya graniti za zamani sana, ambazo watafiti wamezipima kuwa na umri wa karibu miaka bilioni moja. Lueshe ni mwamba mwingine, una asili nyingine na unachimbwa kwa njia nyingine. Anayechanganya viwili hivyo ni kama anayeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi kwa sababu wote wana pembe.

Nani aliyasoma mawe haya? Majina ya mwanzo ni ya wageni wa wakati wa ukoloni. Lakini daftari halikubaki la wageni peke yao. Kuna Mkongomani ambaye jina lake lingestahili kuandikwa kwenye ukuta wa shule, naye ni Profesa Ali Basira Kampunzu, aliyejulikana pia kwa jina la Henri. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika tasnifu ya udaktari juu ya magma iliyojenga mlima Kahuzi, huku Kivu. Mwaka 1991 yeye na mwenzake R. T. Lubala walihariri kitabu kikubwa juu ya magma katika sehemu za Afrika ambako ardhi inavutwa na kupasuka, kikachapishwa Ulaya na kusomwa na mabingwa wa dunia. Katika miaka ya 1990 akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Botswana. Huko alichunguza mawe ya kina ya upande wa Francistown, lakini kalamu yake haikuacha kurudi Kongo: shaba ya Katanga, volkano za bonde la ufa, na mawe ya Kivu. Alifariki mwaka 2004.

Kati ya maandishi yake kuna moja ambalo msikilizaji wa Kirumba angelifurahia. Mwaka 1998 Kampunzu, Jan Kramers na M. Makutu walichapisha umri wa miamba mitatu ya moto ya Kivu. Majina matatu yaliyo katika kichwa cha makala hiyo ni Lueshe, Kirumba na Numbi. Si mara ya kwanza jina la Kirumba kutokea: mwaka 1959 mwanajiolojia Denaeyer alikuwa ameandika juu ya sieniti za Kirumba, Kivu. Majina ya mahali hujirudia katika Kivu, kwa hiyo mtu asikimbilie kuchimba nyuma ya jiko lake. Lakini jina hilo, ambalo kwa miaka hii linatajwa redioni katika habari za mapigano na za kukimbia, lilikuwa tayari katika sayansi ya dunia kabla mtoto yeyote wa leo hajazaliwa.

Namna walivyopima umri inaeleweka bila shahada. Ndani ya mawe kuna rubidiamu, na sehemu yake hugeuka kuwa strontiamu polepole sana, kwa mwendo unaojulikana. Mtafiti huchukua vipande kadhaa vya mwamba mmoja, akapima kiasi cha kila kimoja katika maabara, na hesabu inamwambia mwamba uliganda lini. Kampunzu na wenzake walipata kwamba miamba yote mitatu iko karibu na miaka milioni 800. Wakasema ilizaliwa wakati bara kubwa la zamani linaloitwa Rodinia lilipoanza kupasuka.

Mwaka mmoja tu kabla, 1997, watafiti wengine wakiongozwa na Kramm walikuwa wamechapisha jibu tofauti juu ya Lueshe, na katika jarida hilohilo la jiolojia ya Afrika. Kwao mwamba una umri wa kidogo zaidi ya miaka milioni 500. Tofauti ya miaka milioni 300 si ndogo. Ikiwa ni 800, mwamba ulipanda wakati bara linapasuka. Ikiwa ni 500, ulipanda baada ya mabara kugongana na kuungana tena. Mahali pa kutafuta mwamba mwingine kama huo panategemea jibu. Basi watu hawa walifanyaje? Kila upande uliweka mezani vipande vyake, vipimo vyake na hata ukubwa wa kosa linalowezekana katika vipimo hivyo, ili anayekuja baadaye apime tena. Ubishi mkubwa juu ya kilima cha Bwito, na hakuna nyumba iliyochomwa.

Kazi ya mwanajiolojia mtafiti ni hiyo, na inafaa ijulikane jinsi isivyofanana na picha ambayo watu wanayo. Kijijini, mtu akija na nyundo, dira na kioo cha kukuzia, watu hunong'ona kwamba amekuja kuiba madini. Wengine waliokuja kweli walikuwa wapelelezi wa kampuni au wa watu wenye silaha, kwa hiyo hofu hiyo ina sababu. Lakini mtafiti hukaa kwenye kilima kimoja kwa miaka. Anatembea kwa miguu, anavunja jiwe, anaandika namba yake, anachora mahali alipolichukua. Baadaye jiwe linakatwa jembamba hadi mwanga unapita, naye anainama juu ya hadubini kuangalia punje moja iko karibu na nyingine kwa sababu gani. Mfuko mmoja wa mawe unaweza kumpa kazi ya miaka mitatu. Mara nyingi jibu lake ni kwamba hapa hakuna kitu. Jibu hilo nalo ni mali, maana linawaokoa watu wasichimbe bure hadi shimo liwafunike. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na watu hawa huinama maisha yao yote.

Kazi hiyo inahitaji kitu kimoja kabla ya maabara: njia iliyo salama. Mgodi wa Lueshe ulikuwa chini ya kampuni ya SOMIKIVU, na ulisimama mwaka 1993 kwa sababu ya usalama mbaya. Baada yake zilikuja vita moja juu ya nyingine. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024 M23 iliingia Kanyabayonga, kisha Kirumba, na maelfu ya watu wakapanda barabara kuelekea kaskazini wakiwa na magodoro kichwani. Katika hali hiyo ni mwanafunzi gani wa Lubumbashi, Bukavu au Butembo anayeweza kwenda Bwito kuchukua vipande kumi vya jiwe ili aseme kama Kampunzu alikuwa sawa au Kramm? Vita imeiba mashamba, ng'ombe na watoto. Imeiba pia miaka thelathini ya kuijua ardhi, na wizi huu hakuna anayeuandikia ripoti.

Kuna watakaosema: mtu aliyelala njaa ana haja gani na umri wa jiwe? Swali hilo ni la haki. Familia inayohesabu vikombe vya unga haiwezi kula Rodinia. Hakuna aliye na akili atakayesema jiolojia itangulie chakula, dawa na turubai. Lakini kuna mambo matatu ambayo ujinga wa mawe unawalipisha watu hawahawa walio na njaa.

La kwanza ni mikataba. Siku moja bunduki zitanyamaza, na wenye makaratasi watakuja kabla ya wenye majembe. Watakaokaa nao mezani wasipojua kwamba Lueshe ni pirokloro, kwamba kuna udongo uliooza ulio tajiri kuliko mwamba wa chini, na kwamba Araxá ndiyo inayotawala soko, watatia sahihi gizani. Hakuna jeshi linaloweza kulinda mali ambayo mwenyewe haijui thamani yake.

La pili ni afya. Pirokloro mara nyingi hubeba kiasi fulani cha urani na toriamu, vitu vinavyotoa mionzi. Mtu anayesaga mawe hayo kwa mikono, akavuta vumbi lake na kuweka mfuko chini ya kitanda, anastahili kuambiwa. Jambo hilo limeandikwa katika vitabu vya jiolojia kwa miaka mingi. Mchimbaji wa mikono ndiye wa mwisho kulisikia, ilhali ndiye wa kwanza kulivuta puani.

La tatu ni vijana, na hapa ndipo panapouma zaidi. Mtoto wa mhami ambaye shule imemtoka anasikia kila siku kwamba ardhi ya kwao ni tajiri. Anachoona mbele yake ni njia mbili: shimo au bunduki. Shimo linaporomoka mvua ikinyesha, na bunduki haina kustaafu. Hajaambiwa hata mara moja kwamba kuna njia ya tatu, ya mtu anayeyasoma mawe hayohayo kwa kalamu. Hajasikia kwamba Mkongomani aliipita njia hiyo kutoka Lubumbashi mpaka Gaborone, na kwamba jina lake linatajwa na kila anayeandika juu ya magma ya Kivu. Kumficha mtoto habari hiyo ni kumsukuma kwenye shimo bila kumgusa.

Ndiyo maana kilio cha kwamba tunakufa kwa sababu ya mawe, ingawa kina ukweli, hakitoshi. Kikiachwa peke yake kinawafundisha watoto kuichukia ardhi yao au kuiota ndoto, na vyote viwili ni kutoijua. Mawe ya Lueshe yalikaa pale kwa mamilioni ya miaka bila kumfukuza mtu. Waliofukuza watu ni watu, na watu wanaweza kuulizwa.

Nini kifanyike? Mambo makubwa yanangoja amani, lakini machache hayangoji. Walimu wa wahami wanaofundisha watoto katika madarasa ya kuazima Butembo na Lubero wanaweza kutumia saa moja ya jiografia kueleza Lueshe: mwamba ulivyozaliwa, jina lilivyotoka, niobiamu inavyotumika. Hakuna maabara inayohitajika, ubao na chaki vinatosha. Butembo ina chuo kikuu kinachobeba jina la Graben, neno la wanajiolojia kwa bonde la ufa. Chuo chenye jina hilo, pamoja na vyuo jirani, kingeweza kuomba kutoka Tervuren huko Ubelgiji, ambako makumbusho ya Afrika ya Kati yanatunza mawe na ramani za Kongo, nakala za kila kilichoandikwa juu ya Lubero, Beni na Rutshuru, na kukiweka mahali ambapo mwanafunzi wa kawaida anaingia bila kulipa. Redio za jamii, ambazo husoma kila asubuhi orodha ya vijiji vilivyoshambuliwa, zingeweza mara moja kwa juma kusoma habari ya kilima kimoja kwa Kiswahili na Kinande. Na viongozi wanaokwenda mazungumzoni kwa jina la Kivu wangepaswa kuwa na mwanajiolojia mmoja kati yao, akiwa na ramani, kama wanavyokuwa na mwanasheria.

Hakuna moja kati ya haya litakalomrudisha mhami nyumbani kesho. Lakini siku atakaporudi, itakuwa tofauti kama anarudi kwenye kilima anachokijua au kwenye kilima ambacho wengine wamemsimulia. Kampunzu na Makutu hawakuwa na jeshi. Walikuwa na vipande vya mawe na subira, na kwa hivyo viwili waliliandika jina la Kirumba mahali ambapo hakuna kundi lenye silaha linaloweza kulifuta.

Jioni nyingine sentensi ile itasikika tena mekoni: tunakimbizwa kwa sababu ya mawe. Itakuwa hatua kubwa siku mtoto mmoja, akiwa na kijiko mkononi, atakapouliza mawe gani, na mtu mzima aliye karibu naye akawa na jibu.